Jiwe jeusi linaloandika nyekundu: mwongozo kamili wa kutengeneza rangi kwa mawe na udongo

Fundi seremala wa zamani hakuwa na penseli. Alikuwa na uzi. Aliupaka udongo mwekundu uliolowa, akaukaza juu ya ubao kutoka ncha hadi ncha, akaubana katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Pap! Mstari mwekundu, mnyoofu, tayari kwa msumeno. Udongo ule unaitwa ngeu. Neno hilohilo ndilo la jeraha la kichwa linalovuja damu, ndiyo maana watu wakipigana vibaya husemwa wametoana ngeu. Aliyeuona ule mstari ubaoni hahitaji kuelezwa uhusiano.

Rangi nitakayokufundisha hapa ni ngeu na ndugu zake: manjano, kahawia, nyeusi, nyeupe, na kijani kidogo kwa wenye bahati. Ngeu kwa asili yake ni kutu, oksidi ya chuma iliyojichanganya na udongo na mchanga. Ukienda dukani kununua oksaidi nyekundu ya sakafu unanunua kemikali hiyohiyo, ila ile imetengenezwa kiwandani na kila mfuko unafanana na mwenzake. Ya kuchimba mwenyewe haifanani. Korongo moja laweza kukupa nyekundu tatu.

Wala si ufundi mpya kwetu. Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba wamepata vipande vya mawe ya rangi, vyekundu na vyeusi, vyenye umri wa takriban miaka 300,000. Kondoa, katikati ya Tanzania, michoro myekundu ya watu na wanyama ingali kwenye kuta za mawe. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walikaa huko mwaka 1951 wakiinakili, na mwaka 2006 UNESCO ikaiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wamasai nao wana neno lao la ngeu, olkaria, na Olkaria ya Naivasha inayotoa umeme wa mvuke inabeba jina la udongo huo.

Uzuri wa jiwe si rangi yake

Karibu kila anayeanza huokota mawe ya kupendeza. Anarudi nyumbani na kipande cha zambarau, kingine cha buluu kinachong'aa, anavitwanga, anapata unga mweupe kama sembe. Mawe ya vito yana rangi kwa sababu mwanga unapita ndani yake. Ukiyavunja yakawa unga, mwanga unatawanywa na rangi inapotea. Hata tanzanite ya Mererani ukiisaga haikupi buluu ya kuchorea. Usijaribu, ni hasara mara mbili.

Jiwe la kufaa linaulizwa kwa kigae. Tafuta kigae cha sakafuni, kigeuze upande wa nyuma usio na mng'ao, kisha ukwaruze jiwe lako juu yake kwa nguvu. Mstari unaobaki ndio rangi ya unga wake. Hapo ndipo utakapokutana na jambo lililonifanya niupende ufundi huu: jiwe zito, jeusi au la kijivu, linalong'aa kama chuma, ukilikwaruza linaandika nyekundu ya damu. Hiyo ni hematiti, jiwe la oksidi ya chuma. Na lile la manjano lililopauka, ambalo ungelipita bila kuligeukia, likiandika manjano iliyokolea ujue umepata mali, kwa sababu hilo moja litakupa manjano na nyekundu pia, kama tutakavyoona kwenye moto.

Jiwe likikwaruza kigae lenyewe na kuacha alama nyeupe isiyofutika, ni gumu kuliko kigae. Liache. Likiacha unga laini unaoshika kidoleni na kukataa kutoka hata ukisugua, chukua ndoo.

Udongo laini pimia vidoleni. Lowesha kidogo, sugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chengachenga, una mchanga mwingi na kazi ya kuosha itakuwa ndefu. Ukiteleza kama siagi na kukuachia doa kwenye mistari ya ngozi, ni mzuri. Kisha dondoshea siki tone moja: ukichemka na kutoa povu una chokaa ndani. Chokaa haiharibu, lakini hupausha rangi.

Mahali pa kutafuta

Kingo za barabara zilizokatwa kilimani ni duka la bure, kwa kuwa tingatinga la ujenzi limeshakufanyia kazi ya kufunua tabaka. Makorongo baada ya mvua, mashimo ya moramu, udongo uliotupwa pembeni mtu anapochimba kisima au choo. Simama mbali kidogo uangalie mistari: manjano ikikaa chini ya nyekundu, chukua zote mbili, mifuko tofauti. Usichimbe chini ya ukingo unaoning'inia, na shamba la mtu lina mwenyewe, kwa hiyo piga hodi.

Kuna sehemu tatu za kuepuka. Usiguse chochote kwenye mapango na miamba yenye michoro ya kale, hata kijiwe kilichoanguka. Usichukue udongo karibu na wachimbaji wadogo wa dhahabu, maana zebaki hutumika kukamata dhahabu na hubaki kwenye mabaki. Na usichukue kando ya gereji au mahali pa kuchomea betri, kwa sababu ya madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kabla ya kutwanga

Vumbi la mawe ni adui wa kimyakimya. Mawe mengi yana silika, na vumbi lake laini likiingia mapafuni halitoki. Wachimbaji na wachonga mawe wameugua kwa ajili yake. Kwa hiyo vunja mawe nje, ukiwa upande upepo unakotoka, vaa barakoa nzuri ya vumbi (kitambaa cha pua hakitoshi) na miwani. Ukishapata chenga ndogo, ziloweshe, na kuanzia hapo saga mbichi. Kinu na mchi wa kazi hii visirudi jikoni kamwe. Mimi nimevichora msalaba mwekundu, kwa rangi yangu mwenyewe.

Mawe mengine yana sumu yenyewe. Sinaba, jiwe jekundu sana na zito, lina zebaki. Yale ya manjano ya dhahabu yenye harufu kama ya kitunguu saumu yakipashwa moto yana aseniki. Wanja wa manga, ule wa jiwe, mara nyingi una risasi, kwa hiyo usiufanye rangi nyeusi ya kuchorea watoto vitabu. Nyeusi ya mkaa inatosha.

Kuvunja na kusaga

Anika mawe juani siku mbili tatu. Funga kipande kwenye gunia au kitambaa kizito, weka juu ya jiwe bapa, piga kwa nyundo. Kitambaa kinazuia vipande visiruke machoni na vumbi lisipae. Hamishia kinuni, ongeza maji kidogo, twanga mpaka iwe kama uji mzito wenye chenga. Jiwe la kusagia la bibi, lile la ulezi na mtama, linafanya kazi hii vizuri kuliko kinu, kama utalipata ambalo limestaafu.

Udongo hauhitaji nyundo. Uloweke ndooni usiku mzima, asubuhi uuvuruge kwa mkono, utakuwa umejivunja wenyewe.

Hapa watu huchoka wakadhani kazi ni kusaga hadi jasho liwatoke. Si hivyo. Saga kwa kiasi, halafu acha maji yakuchagulie.

Kuosha: ndipo rangi inapopatikana

Pima vikombe viwili vya uji wako, mimina kwenye ndoo ya lita 10, jaza maji karibu na mdomo. Koroga kwa nguvu kwa dakika moja, mpaka maji yawe kama supu ya damu. Acha kukoroga. Sasa angalia saa.

Chembe kubwa huzama haraka na ndogo huzama polepole, na tofauti yake ni kubwa kuliko unavyofikiri: chembe yenye nusu ya kipenyo cha mwenzake huzama mara nne polepole zaidi. Ndani ya sekunde 30 mchanga wote, yaani chembe zinazozidi milimita 0.06, unakuwa umeshuka sentimita 10. Kwa hiyo usiimwage ndoo yote. Baada ya sekunde 30 hizo mimina maji ya juu tu, kina cha sentimita 10 hivi, kwenye ndoo ya pili, kwa mkono uliotulia, na usimame kabla tope la chini halijaanza kusogea. Jaza maji tena ndoo ya kwanza, koroga, subiri, mimina. Rudia mpaka maji yanayotoka yawe mepesi ya rangi. Kilichobaki chini ni mchanga na chenga. Chenga zirudishe kinuni, mchanga umwagie njia.

Ndoo ya pili nayo ina mchanganyiko. Ikoroge, safari hii subiri dakika 5, kisha mimina kina kilekile cha juu kwenye ndoo ya tatu. Yaliyohamia ni chembe ndogo kuliko milimita 0.02, laini kama poda ya mtoto. Hiyo ndiyo rangi ya daraja la kwanza, ya mchoro wa karatasi. Iliyobaki ndoo ya pili usiitupe. Ina chembe nene kidogo na mara nyingi rangi yake imekolea zaidi, kwa sababu udongo mweupe mwepesi umekwenda na maji. Kwa ukuta naipenda hiyo kuliko ya kwanza.

Funika ndoo ya tatu na uiache. Siku moja, pengine siku tatu. Mashapo yakishatulia, maji ya juu yakawa angavu, yaondoe kwa mpira mwembamba uliojaa maji, ukiuning'iniza nje ya ndoo. Jaza maji safi, koroga, acha itulie tena. Fanya hivi mara tatu. Kama udongo umetoka pwani fanya mara tano, na maji ya mwisho yawe ya mvua, kwa kuwa chumvi ikibaki itatokea juu ya mchoro miezi kadhaa baadaye kama ukungu mweupe.

Tope linalobaki lipitishe kwenye kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara mbili, limwage kwenye sinia, lianike kivulini. Jua kali hulipasua likawa magamba na upepo hulibeba. Likikauka livunjevunje taratibu, lipitishe kwenye chujio la chai na uhifadhi kwenye chupa kavu.

Moto: manjano inapogeuka nyekundu

Manjano ya udongo ni oksidi ya chuma iliyofunga maji ndani yake. Joto la kiasi cha nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi linayafukuza maji hayo, na kinachobaki ni ileile hematiti nyekundu. Moto wa mkaa unafika hapo bila shida.

Tumia kikaango cha chuma kilichochakaa. Tandaza unga mkavu kabisa, unene wa sentimita moja, kwa sababu wenye unyevu hurukaruka na kukuchoma. Koroga polepole kwa kijiko cha chuma. Mwanzo hakuna kitu. Kisha manjano inaingia wekundu wa embe bivu, halafu tofali, halafu damu ya mzee. Kila baada ya dakika kadhaa chota kijiko kimoja ukiweke pembeni kwenye sahani. Usihukumu rangi ikiwa ya moto, kwani unga wa moto huonekana mweusi kuliko ulivyo, na ukipoa hurudi nyuma hatua moja. Mara ya kwanza niliipua mapema nikijisifu, nikaamka asubuhi na chungwa la kupauka. Tangu siku hiyo nachota vijiko sita, kutoka mapema hadi nimechelewa, na udongo mmoja unanipa safu nzima.

Udongo wa kahawia wenye madini ya manganizi ndani, ukiuchoma, unakuwa wa joto zaidi, kama kahawa iliyokaangwa.

Rangi nyingine, kwa ufupi

Nyeupe: kwa kuta, chokaa iliyozimwa kwa maji; kwa karatasi, kaolini, yaani udongo mweupe laini. Milima ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, inajulikana kwa kaolini yake. Ujue tu kwamba chaki na kaolini zikiingia kwenye mafuta hupoteza weupe na kuwa kama kioo kichafu. Nyeusi: mkaa uliosagwa na kuoshwa, au jiwe la manganizi. Kijani: malakiti, jiwe la shaba ambalo wasomaji wa Likasi na Kolwezi, huko Kongo, wanaliona kila siku kwa vile Katanga ni nchi ya shaba. Isagwe mbichi tu, kwa barakoa na glavu, maana ina shaba, na usiisage sana: ikiwa laini mno kijani chake hufifia hadi kuwa rangi ya maziwa. Buluu ya jiwe sina ya kukufundisha. Ile maarufu ilitoka Badakhshan, Afghanistan, na kuitoa kwenye jiwe ni kazi ya nta na utomvu inayohitaji mwongozo wake.

Kushikisha

Unga peke yake si rangi. Ukikauka utapanguka kama vumbi la ubaoni. Unahitaji kitu cha kuushikisha, na hapa chaguo linategemea unachora wapi.

Kwa ubao mgumu, tumia kiini cha yai. Tenga kiini na ute, kiviringishe juu ya karatasi laini kikauke, kishike kwa ngozi yake, kitoboe na uache kidondoke kwenye kikombe. Ngozi itupe. Ongeza kijiko cha chai cha maji. Unga wako ulainishe kwanza kwa maji uwe kama dawa ya meno, kisha changanya sawa kwa sawa na kiini. Chora kwa tabaka nyembamba. Changanya ya siku hiyohiyo, kesho itanuka.

Kwa karatasi, tumia gundi ya mgunga, ile inayochuruzika kwenye miti ya nchi kavu kama Turkana na Karamoja. Sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji ya uvuguvugu, iache usiku, ichuje. Weka asali matone machache isipasuke, na mafuta ya karafuu tone moja au mawili isiote ukungu. Watengenezaji wa rangi wa mbali hununua mafuta hayo kwa bei kubwa. Sisi tuna Pemba. Usibadilishe gundi kwa ubani, hauyeyuki wote majini. Changanya na unga juu ya kioo, ukisaga kwa chini ya bilauri nzito kwa mzunguko wa namba nane, dakika 15 angalau, mpaka sauti ya kukwaruza iishe. Sikio linajua kabla ya jicho.

Kwa turubai, tumia mafuta ya kitani. Naomba nikukinge na kosa langu: nilitumia mafuta ya nazi, kwa kuwa yalikuwepo na yananukia vizuri. Baada ya miezi minne mchoro ulikuwa bado unanata, umekusanya vumbi, nywele na mbu wawili. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Ya kitani hukauka kwa kushikana na hewa, na kwa sababu hiyohiyo vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikirundikwa huweza kujiwasha moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vitie kwenye maji.

Kwa ukuta, chokaa. Huu ndio mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote, na watu wa Lamu na Unguja, waliochoma matumbawe na kuzima chokaa kwenye mashimo vizazi kwa vizazi, hawahitaji kuambiwa sababu. Chokaa ya majimaji iliyokwisha kuzimwa, nzito kama maziwa. Unga uliolowekwa pembeni kwa maji usiku mzima. Usizidishe sehemu moja ya unga kwa kumi ya chokaa kwa uzito, la sivyo utapaka na kufutika kwenye nguo za wageni. Lowesha ukuta kwanza. Paka nyembamba, mara tatu au nne, ukisubiri siku moja kati yake. Mbichi itaonekana imekolea sana, ikikauka itapauka karibu nusu. Chokaa hiyo inanywa hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, ikiifungia rangi ndani. Linda macho, chokaa inaunguza.

Oksidi za chuma zinaivumilia chokaa bila kubadilika. Rangi nyingi za mimea haziwezi: manjano ya jikoni ukiitia kwenye chokaa inakuwa nyekundu mbele ya macho yako, kisha jua linaimaliza.

Kuijaribu

Paka kila rangi kwenye kipande cha karatasi nene. Ikikauka, isugue kwa kitambaa cheupe kikavu. Ikitoka kidogo ni kawaida, ikitoka nyingi gundi ni chache. Iking'aa na kupasukapasuka gundi imezidi. Kisha kata vipande vingine, funika nusu ya kila kimoja kwa kadibodi, vibandike dirishani panapopiga jua, andika tarehe, uvisahau kwa miezi mitatu.

Kwenye chupa andika mahali ulipochimba, kina, tarehe, na kama umechoma ni kijiko cha ngapi. Nina chupa moja yenye nyekundu bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na juu yake niliandika tu "nyekundu nzuri". Nimerudi barabara ile mara nne kuitafuta.